Mtoto anayesomea nyumbani si mamluki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu, naomba radhi kwa hilo, lakini jambo lenyewe nimekaa nalo miaka mingi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi, Mkoa wa Tanga. Nilifundisha miaka 34, na miaka 26 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa michezo. Anayeijua kazi hiyo anajua kuwa haina ofisi wala posho ya maana. Mwalimu wa michezo ndiye anayechora mistari ya uwanja kwa majivu chokaa ikikosekana, ndiye anayekwenda kwa mwenye duka kuomba jezi, na mashindano yakifika ndiye anayelala na watoto darasani kwenye magodoro, akiamka saa nane usiku kuhesabu vichwa. UMITASHUMTA, michezo ya taifa ya shule za msingi, ilinifikisha Kibaha, ikanifikisha Butimba kule Mwanza, safari ambazo kwa mshahara wangu nisingezifanya. Naipenda michezo ya shule, na haya ninayoyasema nayasema kwa kuipenda.

Ombi langu ni moja. Mtoto anayesomea nyumbani aruhusiwe kuingia kwenye mchujo wa UMITASHUMTA na wa UMISSETA, ile ya sekondari, kupitia kata anayoishi, wala asihesabiwe mamluki, yaani mchezaji asiye halali aliyeletwa kutoka nje.

Mtaani kwetu yupo binti wa miaka 15. Alimaliza darasa la saba, akafaulu, akaanza kidato cha kwanza. Ana kigugumizi. Kwa mtoto wa aina yake kidato cha kwanza ni kigumu kuliko tunavyodhani, maana ndipo masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili neno likimkwama analizunguka, anatafuta jingine. Kwa Kiingereza hana jingine. Akisimamishwa kujibu, darasa zima linamwigiza. Kufika muhula wa pili akawa anatapika kila Jumatatu asubuhi, na hospitali hawakuona ugonjwa. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani na zamani alifundisha chekechea, alikwenda shuleni mara tatu. Mara ya nne alikwenda kumchukua mwanawe.

Sasa binti anasomea nyumbani, kwenye meza iliyo ubavuni mwa cherehani, kwa vitabu vya mtaala uleule wa wenzake. Jioni tatu kwa wiki anakuja kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, anasubiri ajira, anamfundisha hisabati na fizikia. Atafanya Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakuna kilichofichwa. Mwenyekiti wa mtaa anajua, majirani tunajua, na Baraza la Mitihani lina utaratibu wake wa kumsajili mtu kama yeye bila kumuuliza amevaa sare ya shule gani.

Na binti huyu anacheza mpira. Nyuma ya nyumba yangu kuna uwanja, na kila siku saa kumi na moja anakuja na viatu vyake mkononi, anacheza na wavulana kwa kuwa wasichana wa kucheza nao hawatoshi. Ni winga, anatumia mguu wa kushoto. Nimekaa barazani nikamtazama zaidi ya mwaka mmoja, na kilichonishangaza siku ya kwanza mpaka leo kinanishangaza: uwanjani kigugumizi hakipo. "Nyuma yako!" "Toa!" "Acha, wangu!" Maneno yanatoka mazima. Nilimwambia mama yake, akaacha kushona, akaniambia, "Mwalimu, ndiyo maana simkatazi hata akichelewa kuosha vyombo." Serengeti Girls walipoifunga Ufaransa 2-1 kule India mwaka 2022, mpaka wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, binti huyu alikuwa bado shule ya msingi. Hadi leo anaweza kukusimulia mechi ile tangu mwanzo, na anapoisimulia anasimama.

Mchujo wa kata ulipotangazwa, mama yake alikuja kwangu. "Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kuna mchujo Jumamosi. Nakuomba uende naye, mimi hawatanisikiliza." Nikaenda naye. Meza ya usajili alikaa mwalimu kijana niliyemfundisha mwenyewe darasa la tano. Aliponiona alisimama, akanipa shikamoo, akaniletea kiti.

Nikamwambia nimemletea winga. Akafurahi, akashika kalamu. "Shule gani, Mwalimu?"

"Anasomea nyumbani."

Kalamu ikabaki hewani. "Mwalimu wangu, nipe namba yake ya usajili shuleni, namwandika sasa hivi. Bila shule hapa nitaandika nini?" Akanigeuzia karatasi. Kulikuwa na safu ya jina, safu ya umri, na katikati safu ya jina la shule. "Wa kata nyingine wakisema nimechezesha mamluki, timu nzima inaondolewa. Nitawaambia nini hawa watoto wengine?"

Sikuwa na jibu, na sikumlaumu. Binti aliambiwa akipenda anaweza kubaki aokote mipira. Alibaki. Alisimama nyuma ya goli kwenye jua tangu saa tatu mpaka saa nane, na kila mpira uliotoka aliurudisha kwa mguu wa kushoto, ukamfikia kipa kifuani bila kipa kusogea hatua. Mara ya tatu au ya nne yule mwalimu kijana aligeuka akamtazama, akanitazama na mimi, akarudi kwenye karatasi yake.

Usiku ule sikupata usingizi, na sababu haikuwa binti peke yake.

Mwaka 2009 nilikuwa katibu wa michezo wa kata moja ya milimani, Usambara. Tulikuwa na mchujo wa riadha. Akaja baba mmoja, mlinzi wa msitu, amevaa mabuti ya mvua, na mwanawe wa miaka 12 pekupeku. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa msitu, mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka shuleni, na katikati kuna mto ambao masika haupitiki. Mtoto alikuwa na kifafa. Alipokuwa darasa la pili aliwahi kuanguka peke yake njiani, akaokotwa na wachuma chai. Tangu hapo mama yake akamfundisha nyumbani, kwa vitabu alivyoazimwa na mwalimu mkuu mwenye huruma. Dawa alikuwa anatumia, na miaka miwili ilikuwa imepita bila kuanguka. Baba yake alinieleza yote hayo pale pale, tena kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake wa kazi.

Nikamruhusu akimbie. Uwanja wetu ulikuwa na mzunguko wa mita 300, kwa hiyo mita 1500 ilikuwa mizunguko mitano. Mizunguko miwili ya kwanza alikaa nyuma, anaangalia miguu ya wenzake, maana hakuwahi kukimbia kwenye kundi. Wa tatu akatoka. Alipomaliza, aliyemfuata alikuwa bado hajaingia kona ya mwisho.

Mwalimu wa shule nyingine akapiga kelele: "Mamluki huyo! Hana shule!" Wengine wakaitikia. Nami nilikuwa na kaunta buku mkononi na kalamu mbili, ya bluu ya kuandika na nyekundu ya kukata. Nikamkata.

Namba za kifuani tulikuwa tunazitengeneza kwa maboksi ya sabuni, tunazibana kwenye shati kwa pini nne, na pini nilizinunua mimi kwa hela yangu. Yule mtoto hakulia wala hakuuliza kitu. Alitoa pini moja moja, akazihesabu kwenye kiganja, akanikabidhi zote nne pamoja na boksi. Kisha baba yake akanishukuru. Akanishukuru, Mhariri, akasema, "Ahsante Mwalimu, amekimbia." Wakaanza kupanda mlima. Mwaka uliofuata baba alihamishwa kituo, sikuwaona tena.

Sasa nisikilize sehemu ambayo sijawahi kuisema. Katika majina niliyoyaandika siku hiyo kwa kalamu ya bluu lilikuwamo la kijana ambaye alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu. Nilijua, na walimu wote waliokuwa pale walijua. Lakini alikuja na barua ya shule yenye muhuri, umri umeandikwa 13, na mimi ningekataaje muhuri? Akaenda mpaka wilayani.

Nimewaza sana juu ya neno hili mamluki. Kwa sisi wa michezo ya shule ni tusi kubwa, na ni haki liwe tusi kubwa, maana limeharibu vipaji vingi. Mamluki ni mtu aliyetolewa kwingine akaletwa kwa ajili ya ushindi: kamaliza shule miaka mitatu iliyopita, au anachezea timu ya mtaani ya watu wazima, au ametolewa mkoa mwingine wiki moja kabla ya mashindano akapewa sare. Mtu huyo ukimuuliza "Shule gani?" anakujibu upesi kuliko mwanafunzi halali, kwa sababu jibu ameandaliwa. Swali letu kubwa la kumnasa mamluki ndilo swali ambalo mamluki amelisomea. Anayenaswa nalo ni yule asiye na hila, aliyekuja na baba yake na kusema ukweli.

Kama kweli tunataka kumjua mamluki tuulize mengine. Ana umri gani, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kiko wapi? Anaishi wapi na tangu lini? Anasoma nini, na nani anathibitisha? Maswali hayo binti wa mtaani kwetu anayajibu yote, na majirani 40 watamjibia. Yule kijana wangu wa ndevu asingejibu hata moja.

Watu wengi hawafahamu jinsi michezo hii inavyopangwa, na hapo ndipo ugumu wote unapolegea. Ligi ya shule kwa shule ni ya mwanzo tu. Baada ya hapo kata inachuja, inaunda timu moja kutoka shule zake zote. Hiyo timu inakutana na za kata nyingine, wilaya inachagua yake, mkoa unachagua wake. Mashindano yalipokuwa Tabora kuanzia 2022, na Iringa mwaka 2025, waliokutana pale ni mikoa. Mtoto hakuvaa jezi ya shule yake, alivaa ya mkoa wake. Kwa hiyo mimi sisemi binti aende shule aliyoihama akaichezee dhidi ya jirani zake Jumatano mchana. Hilo nalikataa. Timu ya shule ni ya wale wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, wanaofagia uwanja, wanaokaa na walimu wao siku tano kwa wiki, na ushindi wake ni wao. Lakini timu ya kata ni ya kata. Binti anaishi kwenye kata. Maji anachota kwenye kata, na mama yake analipa ushuru wa biashara kwa halmashauri ileile inayokodi basi la kupeleka timu.

Wenzetu Kenya wana kazi ngumu zaidi, kwa sababu kwao shule yenyewe inapanda na jina lake mpaka fainali za taifa, na mtoto asiye na shule hana pa kushika. Hata michezo ya shule za Afrika Mashariki, ile iliyofanyika Kakamega mwaka 2025, inakutanisha shule. Huko simuombei binti nafasi. Sisi tumejenga ngazi ambayo sehemu yake kubwa haina jina la shule, halafu tumeweka jina la shule mlangoni.

Nimezungumza na walimu wenzangu, waliopo kazini na wastaafu, na wengi hawakubaliani nami. Hoja zao si za kupuuzwa.

Mmoja aliniambia wazazi watatoa watoto shule ili wafanye mazoezi mchana kutwa, halafu waje kuwafunga wale waliokuwa darasani. Hiyo inanisumbua kuliko zote, maana naijua tamaa ya mpira. Vijana wa vituo vya soka wamejaa kila mji, na akitokea mwenye kituo akaona mlango wa "wanaosomea nyumbani" umefunguliwa, atakusanya watoto 20 awaandike wote kuwa wanasomea nyumbani kwake. Nasema hivi: nyumbani ni kwa mzazi au mlezi anayetambulika, si kituoni. Na mtoto lazima awe anaishi kwenye kata hiyo mwaka mzima kabla ya mchujo, kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa na ya Afisa Elimu Kata, si ya mmoja wao peke yake. Na aonyeshe anasoma. Wa umri wa sekondari awe amejisajili kwa QT au kwa mtihani wa kujitegemea, au apewe majaribio mawili kwa mwaka kwenye shule ya jirani, yasahihishwe na walimu wa pale, na asiyefikia kiwango abaki nyumbani kusoma kama anavyobakishwa mwanafunzi.

Kwa mtoto wa umri wa shule ya msingi nawaelewa wanaosita. Sheria ya Elimu inamtaka mzazi amwandikishe mtoto, na sitaki barua yangu isomwe kama ruhusa ya kuwaficha watoto majumbani. Nilipokuwa kazini nimewafuata wengi mpaka mashambani kuwarudisha. Ila yapo magonjwa, upo umbali, wapo watoto kama yule wa msituni, na Afisa Elimu Kata anawajua kwa majina. Hao wapewe barua yake na kibali kwa kila mtoto mmoja mmoja.

Mwingine aliuliza nani atawajibika mtoto akivunjika mguu. Mzazi asaini fomu, kama wanavyosaini wazazi wa wanafunzi, na achangie mchango uleule wa safari na jezi. Mama yake binti alikuja na hela hiyo siku ya mchujo, ameifunga kwenye pindo la khanga. Alirudi nayo.

Hoja ya tatu ni ya nafasi. Binti akichukuliwa, mwanafunzi mmoja aliyekuwa wa 18 atakuwa wa 19 na atabaki. Ni kweli, na sitaki kuizunguka. Huyo wa 19 naye ni mtoto, naye ana mama. Ila kila mchujo niliousimamia miaka 26 ulimwacha mtu, na tulichomwambia siku zote ni kwamba amechukuliwa aliyemzidi. Hilo mtoto analielewa, hata kama analia. Lisiloeleweka ni kumwambia umemzidi yule, umekaa nyuma ya goli, yule anakwenda. Na watoto wenyewe wanaona. Siku ile ya mchujo beki mmoja wa timu ya wasichana alinifuata akaniuliza, "Babu, huyu dada kwa nini hachezi? Tunamtaka."

Nina mwanangu yuko Texas, Marekani, anaendesha lori. Nilimweleza, akaniambia huko mzozo huu ni wa zamani. Jimbo la Florida lilipitisha sheria mwaka 1996 ya kuwaruhusu wanaosomea nyumbani kuchezea shule za umma za eneo lao. Kwa sheria hiyo Tim Tebow, mtoto wa wamisionari aliyefundishwa na mama yake nyumbani, alicheza mpira wao wa Kimarekani kwenye shule ya sekondari, akaingia chuo kikuu, na mwaka 2007 akapata tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Wanaodai sheria kama hiyo kwenye majimbo mengine wanaiita kwa jina lake. Lakini Virginia bunge liliipitisha na gavana akaikataa miaka mitatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Texas waliipitisha mwaka 2021, wakaziachia wilaya za shule ziamue zenyewe. Mwanangu anasema matokeo yake ni kwamba mtoto wa upande huu wa barabara anaweza kucheza, wa upande wa pili hawezi.

Kutoka kwao nachukua kitu kimoja: jambo hili lisiachwe mikononi mwa mwalimu mkuu mmoja mmoja wala mwalimu kijana wa meza ya usajili. Ukimwachia yeye atakataa, kama nilivyokataa mimi, kwa sababu kukubali kunaweza kumgharimu timu nzima na kukataa hakumgharimu kitu. Utoke waraka mmoja kutoka TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia mikoa na halmashauri, uende mikoa yote, uongeze safu moja kwenye karatasi ya usajili: anayesomea nje ya shule, na namba ya barua ya Afisa Elimu Kata.

Wala si mara ya kwanza karatasi hiyo kuongezwa kitu. Nilipoanza kazi hakuna aliyefikiria mtoto asiyeona angecheza mashindano haya. Miaka ya mwisho ya kazi yangu nimekaa nikatazama wasioona wakicheza mpira wa goli: mpira una njuga ndani, wachezaji wamefungwa vitambaa, na uwanja mzima umenyamaza ili wausikie unavyoviringika. Mamia ya watoto wenye makelele, wamenyamaza. Aliyeleta mchezo ule kwetu aliambiwa pia kwamba utaratibu hauruhusu.

Binti wa mtaani kwetu si peke yake. Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, nimeona wengi waliochagua njia ya QT kwenye vituo vya elimu ya watu wazima kwa sababu wana mtoto wa kunyonyesha. Wapo wenye miaka 16 na 17. Mmoja kati yao alikuwa nahodha wangu wa netiboli darasa la sita, na alikuwa na mkono wa kutupa mpira ambao sijauona tena. Anapita mbele ya nyumba yangu na mwanawe mgongoni akienda kituoni, na tukisalimiana huwa anauliza, "Mwalimu, bado mnacheza?" Yupo pia mtoto anayesafishwa damu mara kwa mara, wapo watoto wa wazazi wanaohamahama kwa kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja anachostahili mtoto kutoka kwa mzazi wake, inataja chakula, makazi, mavazi, matibabu, elimu, na inataja pia kucheza na kupumzika. Haikusema kucheza kwa aliye na sare.

Wiki iliyopita nilimfuata yule mwalimu kijana nyumbani kwake. Aliniambia naye hakulala vizuri siku ile, na kwamba angekuwa na karatasi ya kumlinda angemwandika wa kwanza. Tumeandika pamoja barua kwa Afisa Michezo wa halmashauri, yeye kama mwalimu wa michezo, mimi kama mzee, na mama yake binti ameiweka sahihi. Mpaka leo hatujajibiwa. Nakala ya hoja zake ndiyo hii unayoisoma, kwa sababu najua wenye mamlaka ya kutoa waraka wanasoma gazeti lako kabla ya kufungua mafaili.

Mchujo unaofuata binti atakuwa na miaka 16. Wakihofia kazi ya kuhakiki wanaosomea nyumbani itakuwa kubwa, mimi nipo. Nitakaa kwenye meza ya usajili ya kata yetu kuanzia saa moja asubuhi, bila posho, nitasoma vyeti vya kuzaliwa, nitapiga simu kwa wenyeviti wa mitaa, nitakwenda nyumba kwa nyumba kuona meza wanazosomea. Nawajua walipo. Na pini nitakuja nazo mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.